Nilimtunga daktari, akaja kumtibu shangazi yangu

Mwana wa Langoni (mleta uzi)

Asalaam aleikum wana jukwaa. Uzi ni mrefu. Mwenye chai na mkate wa mofa ajisogezee karibu.

Kwa muda wa miaka miwili hivi nilikuwa nikiishi kwa kalamu. Si riwaya wala mashairi, msinipe sifa nisizostahili. Kuna watu wana tovuti zao, wanataka makala, nawe unalipwa kwa hesabu ya maneno. Asubuhi nilikuwa naandika namna ya kuchagua matairi ya baiskeli ya milimani, mchana maumivu ya mgongo, usiku mikopo ya nyumba kule Kanada. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu. Mlima mrefu niliowahi kuupanda ni matuta ya mchanga ya Shela, tena kwa miguu.

Kazi yenyewe haina siri. Mteja anakutumia kichwa cha makala na maneno anayotaka yarudiwerudiwe. Unafungua kurasa tano za wenzio, unachota huku na kule, unageuza sentensi zisijulikane zimetoka wapi, unapeleka. Shilingi 400 kwa maneno 1,000. Siku njema nilikuwa natoa makala nne, na hizo kurasa tano nilizochota, baadaye nilikuja kuelewa kwamba nyingi ziliandikwa na watu kama mimi, waliochota kwa wengine kama sisi.

Ramadhani ilipokaribia, mteja mmoja akataka makala ya Kiswahili juu ya kisukari na saumu. Akasema niweke na jina la daktari, maana wasomaji humwamini daktari. Nikamuuliza daktari yupi. Akajibu neno moja: yeyote.

Basi nikamtunga. Nikampa jina la kipwani lenye uzito, nikampa miaka 20 ya kazi, na sura yake ikatoka kwenye ile mitambo inayochora nyuso za watu wasiokuwepo duniani. Miwani, ndevu zimechanwa, koti jeupe. Wallahi ukikutana naye njiani utampisha.

Na makala haikuwa mbaya! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilisema watu wanywe maji ya kutosha baina ya futari na daku, tende moja au mbili wala si kumi, wapunguze sambusa na viazi karai, daku waicheleweshe. Hayo yote nitayatetea hata kesho. Halafu katikati, baina ya aya mbili nzuri, nikaweka hii: "Endelea kumeza dawa zako kama kawaida wakati wa daku na futari." Sikuifikiria hata kidogo. Dawa ni dawa, na kama kawaida ni kama kawaida. Nikahesabu maneno, nikatuma, nikapokea hela yangu kwa M-Pesa.

Shangazi yangu ana kisukari, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Ni mshona kofia, zile za vitobo, tangu akiwa msichana. Binti yake aliyeolewa Mombasa alimtumia ile makala kwa WhatsApp, nayo ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu wengi mpaka simu yenyewe ikawa inasema hivyo. Binti hakujua ni yangu. Shangazi hakujua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaisahau, niko kwenye mikopo ya Kanada.

Siku ya tisa ya Ramadhani, baada ya adhuhuri, nimekaa naye barazani kwake. Nikamwona anadunga sindano pembeni ya kitobo. Akachomoa, akarudia, akadunga pembeni tena. Nikacheka, nikamwambia, "Shangazi, macho yanazeeka hayo." Akaniangalia kama mtu asiyenijua. Kanga imeloa jasho mgongoni, na pale barazani kuna upepo. Akaanza kuniita kwa jina la marehemu babangu.

Mama wa nyumba ya pili ana kipimo cha sukari. Akaja mbio, akamchoma kidole: 2.6, sukari imeshuka sana. Tukakoroga sukari kwenye maji, tukamnywesha kidogo kidogo, kisha vijana wakambeba kwa machela vichochoroni mpaka tukafika hospitalini. Muuguzi akamuuliza amemeza nini na saa ngapi. Shangazi akili zilikuwa zimeanza kurudi, akasema amemeza vidonge vyake vyote kwa daku, kama kawaida.

"Nani alikuambia umeze hivyo?"

Akaitoa simu kwenye pindo la kanga, akamwonyesha daktari wangu. Miwani, ndevu, koti jeupe.

"Huyu hapa, mwanangu. Daktari mkubwa. Miaka ishirini."

Mimi nimesimama pale mlangoni nimeshika viatu vyake.

Nimeshamweleza na nimeshamtaka radhi. Alininyima salamu siku tatu, ya nne akaniletea mkate wa sinia, mambo yakaisha kwake. Kwangu hayajaisha. Ninachojiuliza ni hiki: daktari wa kweli angeongeza nini kwenye ile makala? Kiswahili changu ni kizuri kuliko cha madaktari wengi ninaowajua. Nadhani angeisoma, akaitikia kwa kichwa aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka afike kwenye ile sentensi, na pale kalamu ingemgomea mkononi. Mimi haikunigomea. Sikuwa na kitu ndani cha kuigomesha.

Na msidhani ni sisi wachovu wa Langoni tu. Novemba 2023 Sports Illustrated, jarida kubwa la Marekani, lilikutwa mtandaoni na makala zenye waandishi wasiokuwepo, na picha zao zikaonekana zinauzwa kwenye tovuti ya nyuso za kutengenezwa na akili unde. Nilipoisoma habari ile nikamkumbuka daktari wangu. Ana ndugu mpaka Marekani.

Mama Mikate

Nimesoma yote mpaka tanuri limenitoa moshi. Pole kwa shangazi. Mikate ishirini imeungua, nani atanilipa?

Dawa ya Zamu

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari, huku huku visiwani. Sikuwa zamu siku hiyo, lakini wagonjwa wa namna hiyo ninawapokea kila Ramadhani, kwa hiyo nieleze kilichotokea, maana mleta uzi amesema "dawa" kana kwamba ni kitu kimoja.

Vidonge ambavyo wazee wetu wengi wanavyo ni vya aina mbili. Kuna metformin, ile kubwa inayokwama kooni. Hiyo ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari mpaka mtu akaanguka. Na kuna glibenclamide, kidonge kidogo. Hiki kinalisukuma kongosho litoe insulini, na hakiulizi kama umekula. Kinakaa mwilini saa nyingi, na kwa mtu mzima ambaye figo zimechoka kinakaa zaidi. Sasa ukimeza dozi yako nzima ya asubuhi saa kumi na moja alfajiri, ukala kijiko cha uji ukalala, ikifika saa saba mchana kidonge bado kinafanya kazi na tumboni hamna kitu.

Kwa hiyo ile sentensi, kwa mtu wa metformin peke yake, pengine isingemletea tabu yoyote. Kwa shangazi yako ilikuwa shimo. Maneno yale yale! Mtu asiyeijua kazi hawezi kuona tofauti, kwa sababu kwenye karatasi tofauti haipo. Ipo kwenye mfuko wa dawa wa mgonjwa.

Tunavyofanya sisi: tunataka mgonjwa aje wiki sita mpaka nane kabla ya Ramadhani. Dozi kubwa mara nyingi tunaihamishia futari, ya daku tunaipunguza, wengine tunawabadilishia dawa kabisa, na wengine tunawaambia kwa adabu kwamba mwaka huu wasifunge. Tunawafundisha kupima mchana. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (kwa vipimo vya mmol/L), fungua, haijalishi futari imebaki dakika ngapi. Nasisitiza dakika kwa sababu kila mwaka kuna mzee ananiambia "nilibakiza nusu saa tu, mwanangu".

Mleta uzi, mimi sikukasirikii wewe. Nimemkasirikia zaidi yule aliyekujibu "yeyote".

Nahodha Mkongwe

Mwanangu, mimi si mtu wa kuandika kwenye simu, haya namtajia mjukuu ayatie. Akikosea ni yeye.

Hayo ya dawa siyajui. Najua ya maji. Kuna ukurasa wageni huja nao gatini hapa, umeandikwa kuwa mashua za Faza na Kizingitini hupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa mikoko, na kwamba maji hujaa saa 3 mchana. Alouandika nadhani alimuuliza mtu hapa pwani siku moya, akaambiwa, "Leo maji yajaa saa tatu." Saa tatu yetu, ya asubuhi. Yeye akasikia tatu akaandika 3, akatia na mchana wake.

Sasa tazama ajabu ya kosa hili. Baina ya saa tatu yetu na 3 yao ni saa sita. Na saa sita na kitu ndizo maji yanazotumia kutoka kujaa hata yakapwa. Lau angekosea kwa saa moya, mashua ingepita, chini ikwaruze kidogo. Yeye alikosea kwa saa sita kamili, akaweka kupwa mahali pa kujaa! Hata adui akitaka kukupoteza hapati kosa zuri kama lile. Na juu ya hilo akaiandika kama ni saa ya kila siku, kama saa ya kufungua benki. Maji husogea kiasi cha dakika 50 kila siku. Ya leo si ya kesho, na ya bamvua, maji makubwa, si ya maji mafu, maji madogo.

Walikuya watu wa familia moya, baba, mama na watoto wawili, na simu yao mkononi. Niliwaambia ndia hiyo saa hizi haipo. Baba akanionyesha ukurasa. Nikamwambia bwana, huo ukurasa haukupata kukwama. Akamfuata kijana mwingine mwenye injini na pupa. Wakakwama kati ya Mkanda, matope huku na huku, mizizi ya mikoko iko wazi na kaa watembea. Tukawatoa baada ya magharibi maji yalipoanza kuwainua. Mtoto mdogo mato yamevimba kwa mbu.

Mimi nimekwama Mkanda mara nne katika umri wangu. Ya kwanza nikiwa na miaka kumi na sita, na marehemu babangu alinilaza pale pale mashuani usiku kucha makusudi, nijue matope yana harufu gani saa nane za usiku. Alouandika ule ukurasa hajapata kulala pale.

Mbishi wa Shela

Haya, wote mmekubaliana, sasa nije niharibu.

Swali la kwanza. Nahodha ana cheti gani? Hana. Kwa hiyo mnaposema makala ziandikwe na wataalamu, mlinzi mlangoni atamwambia mzee aliyekwama Mkanda mara nne "lete shahada", na atamwingiza kijana wa chuo aliyesoma bahari kwenye ramani. Bibi yangu alizalisha nusu ya mtaa huu. Hakuna ukurasa wowote utakaomwita mtaalamu.

Swali la pili. Wenye vyeti hawadanganyi? Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika kwenye Lancet, jarida ambalo madaktari wanaliheshimu, akihusisha chanjo ya surua na usonji kwa habari za watoto 12. Cheti alikuwa nacho, jina alikuwa nalo, koti jeupe la kweli. Ikachukua mpaka 2010 jarida kuifuta makala ile na yeye kufutwa kwenye daftari la madaktari. Miaka 12! Daktari wa Mwana wa Langoni alidumu miezi michache tu.

La tatu ni dogo. Wataalamu wetu wanaandika Kiingereza. Wakiandika Kiswahili wanaandika kama tangazo la chifu. Shangazi alisoma makala ya uongo kwa sababu ilikuwa inasomeka. Hilo nalo semeni.

Kimya Kimya

Mbishi leo umeongea kitu. Tarehe iandikwe.

Mtu wa Malindi

Mbishi, la Wakefield nakujibu kwa habari ya kwetu.

Mimi hutembeza wageni mjini hapa, na kila mgeni anakuja na hadithi moja: Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, India, na rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Kiarabu. Ukurasa juu ya ukurasa, na mimi mwenyewe nimeisema miaka na miaka kwa sauti nzito kabisa, mkono nimeelekeza kwenye ule mnara wa Mreno.

Siku moja nikamtembeza bwana mmoja mzee, mwanahistoria. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Hiyo umeipata kwa nani?" Nikasema, iko kila mahali. Akaniambia waandishi wa Kireno wa karne ya kumi na sita wanamtaja rubani kwa jina la Malemo Cana, na wanasema ni Mwislamu wa Gujarati. Ibn Majid alitajwa na mwandishi wa Makka, al-Nahrawali, miongo mingi baada ya safari yenyewe. Wataalamu wa karne iliyopita ndio waliounganisha majina mawili wakasema ni mtu mmoja, na wataalamu wengine wakaja kusema, jamani, hapana. Hata hilo "Malemo" akaniambia ni maalim tu, cheo. Mwalimu wa chombo, neno ambalo mabaharia wetu walikuwa nalo.

Kwa hiyo ndiyo Mbishi, wataalamu walikosea, kosa kubwa, likaenea duniani. Lakini lilisahihishika kwa kuwa kuna mahali pa kushika: nani alisema, mwaka gani, kwa kitabu kipi. Wakefield naye alikamatwa hivyo hivyo. Alikuwa na jina, na watoto 12 wana mafaili, mtu akaenda akayafungua. Sasa niambie, daktari wa Langoni ungemkamata wapi? Ungeita nani kwenye baraza?

Siku hizi nawaambia wageni habari zote mbili. Bakshishi imepungua kidogo. Watu wanapenda rubani mmoja mwenye jina.

Chuoni

Wenzangu, hili la "umeipata kwa nani" mbona tunalishangaa kama jipya? Sisi huku tumelelewa nalo. Hadithi ya Mtume haisomwi bila isnadi: fulani kapokea kwa fulani, kapokea kwa fulani. Na haikutosha kutaja majina, ikatungwa elimu nzima ya wapokezi, huyu alikuwa mkweli lakini uzeeni alianza kusahau, huyu mcha Mungu ila hafai kupokewa, huyu hakupata kukutana na anayedai kamsikia. Tazameni hilo la pili. Mtu mwema kabisa, na anakataliwa.

Mbishi, bibi yako angepita. Hakuna aliyekuwa akiuliza shahada, wanauliza ulikaa na nani na wakakuonaje. Ijaza ndiyo hiyo: mwalimu kakusikiliza, kakupa ruhusa usomeshe kitabu hiki, wala si kile. Nahodha ana ijaza ya babake, aliyopewa usiku matopeni.

Nyongeza kwa ya muuguzi: wanazuoni na madaktari walioliangalia jambo hili wanasema tone la kidole la kupimia sukari halifunguzi. Na mgonjwa ruhusa yake iko kwenye Qurani yenyewe, sura ya Al-Baqara aya ya 184. Watu wetu wanaogopa kujipima kuliko wanavyoogopa kuanguka.

Mbishi wa Shela

Chuoni umeniweza kwa bibi. La Kiingereza bado hamjanijibu.

Mwana wa Langoni

Nalijibu mimi, maana nimelifanyia kazi.

Kwanza nilimwandikia mteja, nikamweleza yaliyompata shangazi, nikamwomba aifute ile sentensi. Haikupita saa moja akanijibu: asante kwa maoni yako. Kesho yake nikafungua ukurasa. Sentensi iko pale pale. Kilichobadilika ni daktari, kapewa jina jingine, ndevu zimenyolewa. Tangu siku hiyo sikupewa kazi tena, na sikuulizia.

Ndipo nikamtafuta Dawa ya Zamu (ndiyo, tunajuana, mji ni mdogo) nikamwambia: wewe una elimu, mimi nina Kiswahili kinachosomeka, tuandike moja ya haki. Tulikaa usiku tatu baada ya tarawehe. Nilikuja na maneno 1,100, nikidhani nimefanya kazi. Akachukua kalamu nyekundu. Nilipoandika "daima", akaandika "kwa wengi". Nilipoandika "hupunguza", akaniuliza kwa nani. Aya nzima ya dawa za mitishamba akaipiga mstari, nikamwambia hiyo ndiyo watu watakayoipenda, akaniambia ndiyo maana anaipiga mstari. Mimi nilizoea kulipwa kwa maneno, na mwenzangu anayafuta! Yalibaki 640.

Lakini kuna upande wa pili. Yeye alikuwa ameandika "mgonjwa azingatie dalili za upungufu wa sukari". Nikamwambia dada yangu, shangazi hana dalili za upungufu, shangazi anadunga sindano pembeni ya kitobo. Tukaandika hivyo: mikono inatetemeka, jasho bila joto, kazi unayoijua inakushinda, maneno yanapotea, unaita watu kwa majina ya wengine. Hapo alikaa kimya kidogo, akasema kwenye mafunzo yao hawakuwahi kuiandika hivyo.

Chini tukatia jina lake kamili, cheo chake, kituo anachofanya kazi, na tarehe tuliyoiandika. Alisita kwenye jina kuliko kwenye neno jingine lolote. Aliisoma tena makala yote kutoka juu, polepole, ndipo akasema tia. Daktari wangu mimi hakuisoma hata mara moja.

Nimesikia pia kwamba Google wana mwongozo kwa watu wanaowakagulia kurasa, na Desemba 2022 waliongeza kitu kimoja kwenye utaalamu na kuaminika: je, mwandishi amelipitia jambo mwenyewe? Nahodha, hapo umetajwa. Ila mkaguzi na programu vinaweza kudanganywa kama nilivyomdanganya shangazi, kwa miwani na koti. Kwa daktari wa Kenya kuna njia fupi zaidi: baraza la madaktari, KMPDC, lina daftari la mtandaoni, unaandika jina unatazama. Daktari wangu nilimtafuta humo juzi kwa kujikomoa tu. Hayumo, bila shaka. Lakini nilishangaa nilivyotumia dakika moja kujua jambo ambalo familia nzima, Mombasa mpaka Amu, hatukulitafuta.

Nahodha Mkongwe

Na ule ukurasa wa maji je? Nani ataurekebisha? Mjukuu asema kuna mahali pa kuandika maoni. Nimtajie?

Mtu wa Malindi

Mtajie, Nahodha. Na aweke "asubuhi" kwa herufi kubwa.

Mgeni Hapa

Samahani kwa kuchelewa kuuona uzi. Swali kwa Dawa ya Zamu. Mamangu anachoma insulini, ile ya mchanganyiko, mara mbili kwa siku. Anataka kufunga Ramadhani ijayo. Apunguze kiasi gani ya daku? Naomba jibu leo dada yangu, amenikalia hapa.

Dawa ya Zamu

Ndugu yangu, sitakupa namba hapa. Sijui umri wake, sijui figo zake, sijui sukari yake ya asubuhi ikoje wala kama amewahi kuanguka. Nikikuandikia namba, kesho iko kwenye simu ya mama mwingine.

Msalimie. Mwambie asibadilishe kitu mwenyewe. Mlete kliniki Jumatano, aje na kitabu chake na dawa zote anazotumia ndani ya mfuko, hata zile alizopewa na jirani, hasa hizo. Na wewe uje naye, usimtume na mtoto.

Saa mbili asubuhi. Saa mbili ya Kiswahili, Nahodha asije akanicheka.